Daftari la Gesi na Ng'ombe Wako

Ndugu msomaji, mwenye duka asiyeandika daftari hajui fedha yake inapotelea wapi. Nchi nayo ina daftari lake la gesi zile zinazoifunika dunia kama blanketi na kuizidishia joto. Nchi zilizokubali Mapatano ya Paris ya mwaka 2015 hutakiwa kutoa hesabu hiyo.

Daftari lina mafungu manne: nishati, yaani moshi wa magari na mitambo, viwanda, kama vile vya saruji, kilimo, mifugo na misitu, na mwisho takataka. Kenya ilipohesabu gesi zake za mwaka 2015, kilimo pamoja na mifugo vilitangulia, kwa kadiri ya 40 kwa mia.

Je, nani awezaye kupima pumzi ya kila ng'ombe? Hakuna. Wataalamu huhesabu vichwa, kisha huzidisha. Kipimo cha mwaka 2006 kwa Afrika ni kilo 31 za gesi ya methani kwa mwaka kwa kila ng'ombe asiye wa maziwa, nayo hutoka hasa kinywani anapocheua. Basi ng'ombe 10 ni kilo 310.

Sasa, karani wa mifugo akifika kwako, wewe wamwambia ng'ombe ni 6, na wengine 9 umewapeleka kwa shemeji, kwa kuogopa kodi! Mwaka ukiwataja wote, nchi itaonekana imezidisha gesi, kumbe sivyo. Tena mifugo isiyoandikwa itapangiwaje chanjo? Msomaji, taja idadi ya kweli.