Mfupa Ulio Chini ya Gego la Mtoto

Mtoto wa Kalinzi akilia usiku kwa maumivu ya gego, wazazi wengi husema: hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Magego ya utoto ni manane, na baadhi yake hukaa kinywani hata mtoto afikapo miaka 10 au 12. Tena mfupa wa taya unaoyashika ndio utakaoyapokea meno ya ukubwani.

Mfupa huo hauonekani kwa macho. Hapana budi kupiga picha ya eksirei. Mtoto huuma kishikio kidogo chenye filamu, na picha moja huonyesha magego ya juu na ya chini pamoja na ukingo wa mfupa ulio kati yake. Mganga wa meno hupima kuanzia shingo ya jino, pale gamba gumu jeupe linapokomea, mpaka kwenye ukingo huo. Umbali usiozidi milimita 2 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni wa mfupa mzima. Ukizidi, yafaa kuuliza sababu. Ni kipimo chembamba kama sarafu! Kwa hiyo mganga mwangalifu hakati shauri kwa picha iliyopigwa kombo. Tena jino lililokaribia kung'oka, au lililopakana na gego la ukubwani linalochomoza, laweza kubadili kipimo pasipo ugonjwa wowote.

Mara nyingi sababu ni ya kawaida: jino limeoza ubavuni, chakula hunasa, ukoga hujaa. Lakini katika nchi zetu iko sababu nyingine iliyo nzito. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliletewa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ikadhihirika kwamba saratani hiyo ni ya nchi za joto na mvua, nayo huadimika nyanda za juu. Baadaye ilihusishwa na malaria, na na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa London mwaka 1964. Milima ya kahawa ya Kalinzi si mwambao wa Ujiji, ni kweli. Lakini watoto hupanda na kushuka, na mpaka wa ugonjwa haukuchorwa kwa wino.

Dalili yake ya mapema yaweza kuwa gego linalolegea bila kuoza. Katika picha, mstari mwembamba mweupe unaozunguka mzizi wa jino hutoweka. Uvimbe huo waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hivyo kung'oa jino na kumrudisha mtoto nyumbani ni kupoteza siku ambazo hazipo. Watoto wengi huponywa kwa dawa wakianza mapema.

Basi mabalozi wa mashina na waliozoea kupigania barabara na bei ya kahawa, walitie jambo hili katika mikutano yao, na madiwani waulize habari za mashine, filamu na mafundi. Na mzazi aliyekwisha kulipa nauli mpaka Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, ana haki ya kuuliza kabla koleo halijaingia kinywani mwa mwanawe: gego hili limelegea kwa nini, na picha yake iko wapi?