Je, Wajua? Chokaa Huliwa ili Jiwe Libaki

Anayejenga nyumba Norway au Kanada huogopa jambo moja kuliko yote: maji yapenye kwenye tofali, yagande, yapanuke kwa takriban asilimia 9 na kulipasua tofali kutoka ndani. Kilwa hakugandi kitu. Hata hivyo ukuta unaotazama bahari pale Kilwa Masoko hupasuliwa kwa namna hiyohiyo, na mpasuaji ni chumvi. Kusi na kaskazi hupeperusha rasharasha za maji ya bahari hadi ukutani. Maji hukauka, chumvi hubaki katika vitundu vidogo vya jiwe na kujijenga kuwa fuwele. Unyevu wa usiku ukija, fuwele huyeyuka. Jua likipanda, hujijenga upya, na kila zinapojijenga husukuma kuta za kitundu zilimokaa. Barafu hufanya kazi hiyo miezi michache ya mwaka. Chumvi ya pwani ya Lindi haina likizo. Kwa hiyo swali la kuvisha nyumba kitu gani upande wa nje si la watu wa nchi za baridi peke yao, na jibu ninalolitetea hapa linakwenda kinyume na mazoea ya kupima ubora kwa ugumu. Kwa kuta za mawe za pwani hii, chokaa iliyo laini ni kinga bora kuliko saruji iliyo ngumu, na ulaini wake ndio sababu.

Chokaa wengi wanaijua kwa kazi nyingine. Ndiyo inayopakwa kwenye jani la tambuu, na ndiyo iliyochanganywa na mafuta kuwa deheni ya kukinga majahazi yasipenywe na maji. Ile ya ujenzi ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu, ambalo kwa kawaida ya mwambao halikuwa jengo bali chungu ya magogo iliyopangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake na moto ukatiwa. Tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Joto likikaribia nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa hutoka na jiwe hupoteza asilimia 44 ya uzito wake. Kinachobaki kina kiu kali: kikimwagiwa maji huchemka chenyewe na kupukutika kuwa unga mweupe. Unga huo ukichanganywa na mchanga na kupigwa ukutani, hugumu polepole kwa kunyonya tena hewa ya ukaa iliyo hewani, mpaka unarudi kuwa kalsiamu kaboneti kama ulivyotoka baharini. Lipu ya chokaa juu ya ukuta wa matumbawe, basi, ni jiwe lililopakwa jiwe la ukoo wake. Mafundi wa zamani waliiacha chokaa na hata mawe yenyewe yapigwe na mvua kwa miezi kadhaa kabla ya kuyatumia. Asiyejua angeuita uvivu, kumbe mvua ilikuwa inaosha chumvi bila malipo.

Ushahidi wa uimara wake haupo kwenye makaratasi. Songo Mnara, kusini mwa Kilwa Kisiwani, ulikuwa mji wenye watu tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, kisha ukahamwa. Boriti za mikoko zilizobeba dari zilioza zamani, na zikishaoza paa huanguka lote. Maana yake kuta zimekaa karibu miaka 500 zikinyeshewa juu na kando, hali ambayo hakuna mjenzi anayeikusudia. Bado zimesimama nyingi, na mahali palipokingika lipu ingali imeshika jiwe. Kisiwani penyewe kuna Msikiti Mkuu ulioanzwa karne ya 11, kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14 lililojengwa ukingoni mwa genge juu ya bahari, na kuna Msikiti Mdogo wa Kuba, ambao dari zake zilipambwa kwa mabakuli ya kigeni yaliyopachikwa ndani ya chokaa. Yote haya ni matumbawe na chokaa. Hayana nondo hata moja, na nitaeleza baadaye kwa nini hilo ni bahati kubwa.

Kinachofanya chokaa ifae ni kwamba haishindani na maji. Ukuta wa pwani hupata unyevu kutoka ardhini, kutoka paani, kutoka kwenye upepo wenyewe, na hakuna lipu duniani inayoziba njia zote hizo. Lipu ya chokaa ina vitundu vingi, hivyo unyevu ulioingia hupita ndani yake na kukaukia juu ya uso wake. Pale maji yanapokaukia ndipo chumvi inapojijenga. Kwa hiyo inayosukumwa na kumomonyoka ni lipu, siyo jiwe. Baada ya miaka kadhaa inakwanguliwa na kupigwa nyingine. Saruji hufanya kinyume. Ni nzito na imebana, haikunjiki, na ukuta ukicheza kidogo hutia nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia kwa nyufa hizo lakini hayana njia ya kutoka kwa wingi uleule. Chumvi sasa hujijenga nyuma ya lipu, penye mpaka wa saruji na jiwe, na siku lipu inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba huona kipande kigumu kimeanguka chini kikiwa kizima na kuamini kwamba jiwe la zamani ndilo lililokuwa bovu!

Uskoti walijifunza somo hili kwa njia ya mvua na baridi. Katika karne ya 20 nyumba nyingi za mawe zilizokuwa na lipu ya chokaa zilivishwa saruji kwa nia njema kabisa, unyevu ukanaswa ndani, na baridi ikaendeleza kazi iliyoanzwa na saruji. Wahifadhi wa majengo wakarejea kwenye chokaa. Ukumbi Mkuu wa Stirling Castle ulipomalizika kutengenezwa mwaka 1999 ulivikwa chokaa yenye rangi ya dhahabu, na baadhi ya wakazi walinung'unika kwa kuwa walizoea kuona mawe matupu, ingawa zamani ukumbi huo haukuwa mtupu. Ninautaja mfano huu ili isidhaniwe kwamba kusifu chokaa ni kutamani tu mambo ya kale ya Waswahili. Kanuni ni moja, iwe mpasuaji ni barafu au chumvi: kinachopakwa nje kisiwe kigumu wala kisibane kuliko kilichomo ndani.

Pingamizi la kwanza ni zito. Majengo ya chokaa huanguka. Tarikh ya Kilwa, masimulizi ya kale ya mji huo, inasimulia kwamba sehemu ya Msikiti Mkuu uliopanuliwa iliporomoka, ikakaa gofu kwa miaka mingi, na ikajengwa upya mwanzoni mwa karne ya 15. Na karibu na wakati wetu, Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilipoteza sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Siyapuuzi matukio haya. Lakini tazama walichofanya watu wa Kilwa wenyewe: waliojenga upya hawakuiacha chokaa, walibadili maumbo, wakajenga matao, kuba na dari za mviringo za mawe na chokaa zilizosimama hadi leo kwa sehemu kubwa. Nguzo iliyobebeshwa kupita uwezo wake haiokolewi na lipu ya aina yoyote. Ama Beit al-Ajaib, ilikwishatoa onyo mwaka 2012 ilipoporomoka upande mmoja. Chokaa huyeyuka kidogokidogo katika maji yanayotiririka, kwa hiyo paa likivuja kwa miaka ukuta hupoteza gundi yake. Huo ni udhaifu wa kweli. Ndio uliochangia magofu ya Kilwa na Songo Mnara, yaliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, kuwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na ilihitajika kazi ya miaka 10 ya kukarabati hadi yakatolewa humo mwaka 2014.

Pingamizi la pili ni la wajanja: tunasifu kilichobaki kwa sababu ndicho kilichobaki. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika juu ya majengo ya miti, na wachimbuaji wa Songo Mnara wamekuta mabaki ya nyumba za udongo baina ya zile za mawe. Ni kweli, nyumba ya fito na udongo haikuachiwa nafasi ya kushindana, na kwa kukaa ndani saa saba mchana huenda inashinda zote. Lakini hoja yangu hailinganishi chokaa na udongo. Inalinganisha vitu viwili vinavyoweza kupakwa juu ya jiwe lilelile, na hapo kubaki kwa jiwe ni kipimo halali.

Pingamizi la tatu lingeniangusha kama ningetetea tanuu la zamani. Kuvunja matumbawe hai ili kuyachoma kwa magogo ni kula mara mbili: mwamba wa samaki unakwenda, na msitu ulio kinga ya pwani dhidi ya mawimbi unakwenda pia. Pwani iliyopigwa na kimbunga mwaka 1952 pale Lindi, na kutikiswa tena na kimbunga Hidaya Mei 2024, haiwezi kujivua kinga hizo. Ila chokaa haihitaji tumbawe hai. Mawe ya chokaa ya nchi kavu yamejaa kusini. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilianza kazi Mtwara mwaka 2015 kwa sababu hiyo, na saruji huchomwa kwa nyuzi kama 1,450, moto mkali kuliko ule wa chokaa. Kinachokosekana ni tanuu za kisasa zenye kuni chache na chokaa ya ubora unaotabirika madukani. Hadi hapo itakapopatikana, saruji itabaki rahisi kununua, na hilo silibishi.

Wala sisemi saruji itupwe. Msingi, nguzo na linta za nyumba mpya ni kazi yake. Tatizo ni nondo iliyomo. Zege zuri huifunika nondo kwa ukali wa magadi unaozuia kutu; chumvi ikifika, kinga hiyo huvunjika hata kama zege halijaguswa. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na nguzo hupasuka kutoka ndani. Anayejenga karibu na bahari aifunike nondo kwa zege la sentimita 5 hivi, na asichote mchanga ufukweni hata akiambiwa ni wa bure.

Ila wenye nyumba za mawe za karne ya 19 kule Kilwa Kivinje hawajengi upya. Wanaziba mabanduko, na fundi huja na mfuko wa saruji kwa sababu ndio ulioko dukani. Kabla hajachanganya, aulizwe: maji yaliyomo ndani ya ukuta huu yatatokea wapi?