Kicheko na Hesabu ya Fremu

Katuni fupi za vituko, yaani filamu za michoro zenye urefu wa dakika sita hadi nane ambamo wahusika hukimbizana, huangukiwa na vitu vizito na kulipukiwa na baruti bila kufa, zilifikia kilele chake katika studio za Hollywood, Marekani, kati ya mwisho wa miaka ya 1930 na katikati ya miaka ya 1950. Mvuto wake huelezwa mara nyingi kwa sababu nyepesi, kwamba watazamaji hufurahia kumwona mdogo akimshinda mkubwa, au kwamba watoto kwa tabia yao hupenda fujo. Sababu hizo zina ukweli, lakini hazielezi kwa nini katuni nyingi za baadaye, zenye mdogo yuleyule na fujo ileile, hutazamwa mpaka mwisho bila mtu kucheka hata mara moja. Jibu hupatikana kwenye meza ya mchoraji, mahali ambapo muda ulikatwa vipande vidogo sana na kila kipande kikapewa kazi yake.

Filamu ya sinema hupita mbele ya taa ya projekta kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, na fremu ni picha moja tuli, ambayo jicho huiunganisha na zinazoifuata likaona mwendo. Katika uhuishaji, yaani sanaa ya kuifanya michoro ionekane kutembea, mchoro mmoja kwa kawaida ulipigwa picha mara mbili, hivyo sekunde moja ikahitaji michoro 12, ila pale mwendo ulipokuwa wa kasi mno ndipo kila fremu ilipopewa mchoro wake. Kabla ya michoro hiyo kuchorwa, mwongozaji alijaza karatasi ya hesabu iliyoonyesha, fremu kwa fremu, paka anyanyue mguu lini, mlango ufunguke lini na kikaango kitue usoni lini. Katika studio ya MGM, ambako paka Tom na panya Jerry walizaliwa mwaka 1940, kazi hiyo ilikuwa ya William Hanna, huku mwenzake Joseph Barbera akibuni visa na kuchora mikao ya wahusika. Ushirikiano huo ulizaa filamu 114 zilizotolewa hadi mwaka 1958, na 7 kati ya hizo zilipata tuzo ya Oscar.

Mfano ulio wazi zaidi wa hesabu hiyo hutoka katika studio nyingine, ile ya Warner Bros., ambako mwaka 1949 Chuck Jones alianza kuongoza katuni za Wile E. Coyote, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu anayemfukuza ndege wa jangwani aitwaye Road Runner bila kumkamata. Jones aliwahi kueleza kwamba Coyote anapoporomoka gengeni hutumia fremu 18 kupotea machoni, kisha hupita fremu 14 kabla ya kijivumbi kutimka chini bondeni, na kwamba fremu moja ikizidi au ikipungua kichekesho hupungua nguvu. Fremu 14 ni zaidi kidogo ya nusu sekunde, na ndani ya muda huo hakuna kinachoonekana kutendeka, kwa kuwa bonde limetulia na mhusika hayupo. Kazi yote hufanyika kichwani mwa mtazamaji, ambaye amekwisha kujua litakalotokea na sasa analisubiri, na muda huo ukiwa mfupi mno hapati nafasi ya kulitarajia, ukiwa mrefu mno huanza kufikiria jambo jingine.

Matarajio hayo hayawezi kujengwa pasipo sheria. Ulimwengu wa katuni hudhaniwa kuwa ulimwengu usio na kanuni, ilhali kanuni zake ni kali kuliko za filamu za kawaida, tofauti ikiwa ni kwamba zilitungwa na wachoraji. Coyote anaweza kukimbia hewani hatua kadhaa baada ya ardhi kwisha, na mvuto wa dunia humsubiri mpaka atambue alipo. Akishatambua, hakuna rufaa. Jones alijiwekea pia masharti, miongoni mwake kwamba ndege asimdhuru Coyote kwa namna yoyote isipokuwa kumshtua kwa mlio wake, na kwamba huruma ya mtazamaji ibaki kwa Coyote. Kwa hiyo adui wa Coyote ni ukaidi wake mwenyewe pamoja na mitambo anayoiagiza.

Mwili wa mhusika nao una kanuni yake, ambayo wahuishaji huiita kubonyea na kunyooka, maana yake ni kwamba umbo hubadilika linapogongwa au kuvutwa, lakini ujazo wake haubadiliki, kiasi kwamba paka aliyebanwa na mlango huwa mwembamba na mrefu kwa wakati mmoja. Henri Bergson, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1900 kuwa kicheko huzuka pale kiumbe hai anapoonekana kutenda kama mashine au kitu, na kwamba hisia za huruma sharti zinyamaze kwa muda ili mtu aweze kucheka. Bergson aliandika kabla katuni hizi hazijakuwapo, lakini ni vigumu kupata ushahidi bora wa hoja yake kuliko Tom, ambaye humeza kitu akachukua umbo lake. Damu haitoki, na katika onyesho linalofuata mwili umerudi mzima. Kinachobaki na jeraha ni heshima yake, na hilo ndilo jeraha ambalo mtazamaji wa umri wowote hulielewa.

Muziki ulifungwa kwenye hesabu hiyohiyo. Scott Bradley, mtunzi wa muziki wa MGM, aliandika sauti za ala zilizofuata kila hatua na kila kishindo, na katika The Cat Concerto, filamu ya Tom na Jerry iliyotunukiwa Oscar mwaka 1947, paka anapiga kwenye piano utunzi wa Franz Liszt huku panya aliyelala ndani ya ala hiyo akiamshwa na nyundo zake, na vidole vya paka hugusa vibao kwa uangalifu unaowafurahisha hata wapiga piano. Kwa kuwa Tom na Jerry hawasemi ila kwa nadra, ala ndizo zinazobeba hasira, hila na aibu yao, na hii ni sababu mojawapo ya mtoto wa Tanga au Bukavu kuzifuata filamu hizo bila kuhitaji tafsiri.

Sifa hizo haziondoi doa. Mhudumu mweusi wa nyumbani anayeonekana katika filamu nyingi za mwanzo za Tom na Jerry, na vichekesho ambamo mlipuko humwacha mhusika na uso mweusi wenye midomo minene, vilitokana na dhihaka za ubaguzi zilizokuwa za kawaida katika majukwaa ya Marekani, na vituo vya televisheni baadaye vilivikata au kuvibadilisha. Inafaa kutambua kwamba vipande hivyo pia ndivyo vilivyo hafifu kisanaa, kwani hutegemea chuki ambayo mtazamaji alikuja nayo kutoka nje ya ukumbi, si matarajio yaliyojengwa ndani ya filamu.

MGM ilifunga studio yake ya katuni mwaka 1957, baada ya gharama kupanda na mapato ya filamu fupi kushuka, na Hanna na Barbera wakahamia televisheni, ambako michoro ilipunguzwa sana na maneno yakachukua nafasi ya mwendo. Tom na Jerry wenyewe walikabidhiwa wengine. Gene Deitch aliongoza filamu 13 mjini Prague katika miaka ya 1961 na 1962, kwa bajeti ndogo, na ingawa paka, panya na mapigo ni yaleyale, pigo huwahi au huchelewa, sauti zina mwangwi wa ajabu, na maumivu ya Tom huanza kuonekana kama maumivu ya kweli. Kisha akaja Chuck Jones mwenyewe, bingwa wa zile fremu 14, akasimamia filamu 34 kati ya mwaka 1963 na 1967. Michoro yake ni mizuri mno, lakini muda aliouzoea ulikuwa wa mhusika anayetulia, akamtazama mtazamaji na kuelewa kwamba ameshindwa. Tom wa Hanna hakuwahi kupewa nafasi ya kuelewa, na alipopewa alikuwa paka mwingine.