Amana Mezani kwa Fundi

Katika miji ya Ulaya na Marekani wako watu wazima, wengine wenye wajukuu, ambao wakisharejea kutoka kazini hujifungia vyumbani kuhuisha kompyuta ndogo za nyumbani walizozichezea utotoni, kama ZX Spectrum ya Waingereza na Commodore 64 ya Wamarekani, zote mbili za mwaka 1982, zilizochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni na kupokea programu zake kutoka kaseti zilezile za muziki. Jamii hiyo ina adabu zake. Hawawashi Commodore kongwe kwa transfoma yake ya asili kabla ya kuipima, maana transfoma hiyo ikizeeka huweza kutoa umeme uliopita kiasi ukaziunguza saketi za kumbukumbu. Kapasita zilizokauka huzing'oa na kutia mpya. Na ganda la plastiki lililoingia umanjano hulipaka haidrojeni peroksaidi na kulianika juani mpaka lirejewe na weupe wake. Fundi wa redio wa Kipawa, Dar es Salaam, akisimuliwa habari hizi haoni ajabu kubwa, kwani nusu ya mambo hayo ndiyo kazi yake ya kila siku. Anachouliza ni kimoja tu: mashine hiyo ina mwenyewe?

Kwetu sisi Tanzania, majaaliwa ya vyombo hivyo yalikuwa mengine. Serikali ilisimika kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mashine hizo zikaleta gharama na adha kuliko faida iliyotarajiwa, hata mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuziingiza nchini. Televisheni nayo ilikuwa na kisa chake: Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake mpaka mwaka 1994. Basi kijana wa Dar es Salaam wa miaka ya themanini, hata kama mjomba wake baharia angemletea Spectrum kutoka ng'ambo, angeichomeka wapi? Kompyuta zilipokuja kuenea mitaani zilikuja za mtumba, zimekwisha kutumika katika ofisi za watu wengine, na hakuna anayezililia kwa sababu hakuna aliyekua nazo.

Chombo kilicholea watu hapa kilikuwa redio. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika mwaka 1951, na hasa baada ya Redio Tanzania kuundwa mwaka 1965, sanduku lile lilishika mahali pa heshima sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto asiyetumwa hakuthubutu kukigusa kitufe chake. Kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam kilichotoa redio za National na betri zake, na Philips nao wakaunganisha redio zao Arusha. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini wakiizunguka redio kujifunza namna ya kujikinga na maradhi. Kwa redio hiyohiyo watu walipokea matangazo ya vifo vya ndugu zao, wakacheka na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, na wakaufuata mpira kwa sauti ya mtangazaji Ahmed Jongo, ambaye kwa wengi waliomsikiliza hakuna televisheni iliyowahi kumpita.

Kipawa, zinakopelekwa redio hizo zikinyamaza, iko kando ya barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado huiita barabara ya Pugu, jirani na uwanja wa ndege, hivyo kila mazungumzo hukatizwa na ngurumo angani kisha huendelezwa pale yalipoachwa. Nyumba nyingi zilivunjwa ili uwanja upanuliwe, na watu wakachukua fidia wakahamia mbali. Lakini fundi hahamwi kwa wepesi kama nyumba, na wapo wanaopanda daladala mbili wakiwa na redio ndani ya mfuko wa salfeti ili waifikishe kwenye kibanda walichokizoea.

Nilikuwapo siku bibi mmoja alipofika na National yenye ganda lililopasuka.

"Shikamoo bibi, karibu."

"Marahaba mwanangu. Hii ya marehemu. Haisemi."

Fundi hakuuliza bei wala hakutaja bei. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa kiganja, ndipo akaifungua mbele ya macho ya mwenyewe, na hili la kufungua mbele ya mwenyewe ni sharti, sio hisani. Ndani mlikuwa na mayai ya mende, springi za betri zimeliwa na kutu ya kijani, na uzi mwembamba unaousogeza mshale wa stesheni umekatika. Akamwonyesha kila kitu kimojakimoja. Wateja wengine, ambao wamewahi kuumwa na nyoka, hukwaruza alama kwa msumari ndani ya ganda kabla ya kuondoka, ili wakirudi wajue kama spika ni ileile. Na fundi mwenye heshima zake haoni haya kuona alama hiyo, wala haiulizii.

Hapo ndipo lilipo jambo kuu la jamii hii ya mafundi. Redio iliyowekwa mezani ni amana, na amana haichinjwi. Kuchinja, yaani kung'oa spea za chombo kimoja ili kingine kipone, ni halali kwa mashine iliyonunuliwa kwa wauza vyuma chakavu au iliyoachwa kwa ridhaa. Lakini anayenyofoa transista katika redio ya mtu na kuitia katika ya mtu mwingine hutangazwa mtaani kwa jina la mwizi, na jina hilo halifutiki hata akihama kata.

Chombo kilichonyamaza miaka mingi hakiwashwi moja kwa moja kwenye umeme. Fundi huunga globu katika njia ya umeme wake, kisha huwasha: globu ikiwaka kwa nguvu zote, ndani kuna shoti, naye huzima papo hapo bila kitu kuungua; ikimulika kidogo halafu ikafifia, hapo ana tumaini. Vijana waliotoka chuo cha VETA cha TEHAMA, kilichopo papa hapa Kipawa, hupima kwa mita na huweza kueleza kwa nini. Wazee hawaelezi, hutega sikio. Mimi naona kijana ana elimu iliyo bora, ila hana subira ya kuufunga upya uzi wa mshale, kazi inayoweza kula asubuhi nzima kwa malipo ya chai na chapati.

Ubishi mkali wa mafundi hawa unahusu FM. Redio nyingi za zamani zina masafa ya kati na masafa mafupi tu, na stesheni za leo ziko kwingine, hivyo mafundi hutia ndani ya ganda la kale saketi ndogo ya Kichina yenye FM na tundu la flashi. Wenye msimamo mkali husema redio hiyo imekufa na kuvalishwa sanda nzuri. Wengine hujibu kwamba mjane hakuleta ganda, ameleta sauti, na kama sauti imerudi amana imetimia. Mimi niko na hawa wa pili, mradi mwenyewe ameulizwa kwanza na saketi ya asili imefungwa katika mfuko na kurudishwa mkononi mwake.

Ubavuni mwa kibanda pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba chombo kitakachokaa zaidi ya miezi mitatu kitauzwa. Tangazo hilo liko karibu kila kibanda mjini, na wenyeji hulisoma kama ombi la kulipwa mapema. Juu ya rafu ya fundi huyu iko redio ya mbao tangu mwenyewe alipohamishwa na uwanja wa ndege. Imepona, inashika stesheni, na kila anayeiulizia bei hujibiwa kwamba mwenyewe yuko upande wa Chanika, namba yake haipatikani, na yeyote anayemfahamu ampelekee salamu.