Kura na Ujirani Majengo

Majengo, Dodoma, ni kata ya soko, na soko ndilo linalopanga saa za kupiga kura. Katika Uchaguzi Mkuu vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi. Wauza mboga hupokezana: mmoja abaki na meza mbili, mwenzake akimbilie foleni, kisha wabadilishane kabla wateja hawajaanza kumiminika. Vijana hujivuta hadi alasiri, na wengine hawaendi kabisa.

Anayetaka kuelewa kura ya hapa aanze na mjumbe wa nyumba kumi. Mfumo huo uliwekwa na TANU miaka ya 1960, na CCM, iliyozaliwa Februari 5, 1977, ikaurithi. Mjumbe alisuluhisha ugomvi wa ndoa, alijua mgeni amelala nyumba gani, na msiba ukitokea yeye ndiye aliyepewa taarifa mapema. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, alibaki kuwa kiongozi wa chama tu kwa mujibu wa sheria, lakini heshima yake mtaani haikufutika kwa sheria. Alfajiri ya uchaguzi hupita akigonga: "Hodi, mama! Mmeshaamka humu?" Mtu aliyekuzikia mzazi wako si rahisi kumjibu vibaya. Kwa hiyo kinachoitwa ngome ya chama hapa Dodoma, kwa sehemu kubwa, nakiona kuwa ni ujirani.

Kampeni nazo zina desturi yake. Mkutano hauanzi mpaka ngoma ilie, na wanawake wa Kigogo wakipiga muheme hata mpita njia asiye na kadi ya chama husimama. Zamani zilifuata kofia, khanga na pilau. Mwaka 2000 sheria iliruhusu takrima kwa jina la ukarimu wa Kiafrika. Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Ilifanya vyema. Mgogo humkaribisha mgeni chakula bila kumdai chochote, na kuuita ununuzi wa kura kwa jina hilo kulikuwa kuuvunjia heshima ukarimu wenyewe.

Ushindani mkali kwa miaka mingi umekuwa ndani ya chama, kwenye kura za maoni. Mwaka 2010, huko Mtera, John Malecela, waziri mkuu wa zamani, aliangushwa na Livingstone Lusinde katika kura hizo. Oktoba ya mwaka huohuo, ni kama asilimia 43 tu ya walioandikishwa nchini waliojitokeza. Miaka mitano baadaye jina la Edward Lowassa, aliyetaka kugombea urais, lilikatwa na vikao vya CCM hapahapa Dodoma, akahamia chama cha upinzani cha Chadema, na waliopiga kura wakafika asilimia 67. Watu hawakuwa wavivu mwaka 2010. Walikosa shindano.

Kuna pia suala la mvua. Marekani ilipopanga siku ya kura mwaka 1845, ilichagua Jumanne ya Novemba ili wakulima wawe wameshavuna na wapate siku ya kusafiri. Kwetu Oktoba ni kiangazi, mkulima ana nafasi. Lakini uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2024 ulifanyika Novemba 27, wakati mvua za kwanza zinapotazamiwa. Wakazi wengi wa mjini wana mashamba ya mtama na uwele vijijini, na mvua haimngoji mtu amalize foleni.

Hasara ya kuikosa kura hiyo ni kubwa, maana mwenyekiti wa mtaa ndiye kiongozi tunayemhitaji mara nyingi zaidi: barua ya utambulisho ya benki, dhamana ya polisi, kitambulisho cha taifa, ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Wapangaji walioletwa na Serikali kuhamia Dodoma humfuata kwa barua hizo, lakini wengi hawajiandikishi; wanajiona wapita njia. Katika uchaguzi wa mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani nchini walienguliwa, na katika mitaa mingi mgombea akapita bila kupingwa. Mkazi aliyejiandikisha akakuta hakuna kura ya kupiga.

Baada ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba kama asilimia 87 ya walioandikishwa walipiga kura. Chadema hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, watu waliuawa katika miji kadhaa, na intaneti ilizimwa. Kwa maoni yangu, hesabu ya waliojitokeza haina uzito mpaka mpiga kura apewe wa kuchagua.

Uchaguzi ujao wa mitaa ni mwaka 2029. Wanaosimamia fomu za wagombea waache majina yafike kwenye karatasi, na wapange siku isiyogombana na jembe. Nawe mpangaji wa Majengo, unayezika na kuozesha na majirani zako, nenda ukajiandikishe hapo unapolala.