Injini Haiji Peke Yake: Ushauri kwa Wenye Magari Madogo

Gari dogo la familia likianza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili kila juma, mwenyewe huwa na njia tatu mbele yake: kuliuza kwa hasara, kuifungua injini na kuitengeneza upya, au kuiondoa kabisa na kutia nyingine iliyotumika, iliyotoka Japani. Katika Uganda njia hii ya tatu imewavutia watu wengi, wakiwemo askari wa jeshi na polisi ambao mishahara yao haiwaruhusu kununua gari jingine. Tena mwaka 2018 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuzuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kwa hiyo bodi ya zamani isiyo na kutu imekuwa kitu cha kutunzwa.

Hata hivyo wengi hukosea tangu mwanzo. Huuliza bei ya injini, wakaona wanaimudu, wakatoa fedha. Kisha gari hukaa juu ya mawe miezi mitatu, huku karo ya watoto ikigeuka kuwa waya, mabomba na gaskiti. Sababu ni moja: injini haiji peke yake. Ina jamaa zake, na asiyewahesabu jamaa hao kabla ya kununua, hana budi kuwahesabu baadaye kwa bei ya dharura.

UKOO WA INJINI

Utachukuliwa hapa mfano wa Toyota Corolla aina ya EE90, ya umbo lililoanza kutengenezwa mwaka 1987. Injini yake ni 2E, yenye cc 1,295, valvu 12 na kabureta. Inapochoka, mafundi humwonyesha mwenye gari injini tatu. Ya kwanza ni 4E-FE ya cc 1,331, ambayo ilitiwa katika Starlet za EP82 na EP91, na katika Corolla za EE101 na EE111. Ya pili ni 5E-FE ya cc 1,497, iliyotumika katika Toyota Raum ya kwanza. Ya tatu ni 4A-FE ya cc 1,587, iliyotiwa katika Corolla zenye nguvu zaidi.

Mbili za kwanza ni ndugu wa 2E; herufi E ndiyo jina la ukoo. Silinda za 4E na za 5E zina kipenyo kimoja, yaani milimita 74. Tofauti yao ni mwendo wa pistoni: milimita 77.4 kwa 4E, na milimita 87 kwa 5E. Ama 4A-FE ni ya ukoo wa A. Inaweza kukaa katika bodi hiyo, maana kiwanda chenyewe kiliuza Corolla za umbo hilo zikiwa na injini za ukoo wa A. Lakini yapasa inunuliwe pamoja na gia boksi yake, draivshafti zake na mikono yake ya kuishikia kwenye bodi. Kwa hiyo hata ikiuzwa kwa bei sawa na ndugu za E, gharama yake ya kweli ni kubwa zaidi.

Kampala iko kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Kabale hupanda juu zaidi ya hapo. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Basi si upuuzi mtu anayeishi milimani kutamani 5E-FE. Lakini kwa safari za kambini, sokoni na shuleni, 4E-FE inatosha. Zaidi ya hayo, askari huhamishwa. Injini iliyoenea katika magari mengi ya watu wa kawaida ina fundi na vipuri hata mbali na mji mkuu. Injini ya fahari yaweza kumwacha mwenyewe njiani bila msaada.

JAMAA WA INJINI

Injini ya 2E hupata petroli kwa kabureta na pampu ndogo yenye msukumo hafifu. Injini za 4E-FE na 5E-FE hupuliziwa petroli na nozeli zinazoongozwa na kompyuta, nazo hudai msukumo wa mara kumi hivi ya ule wa zamani. Kwa hiyo huhitaji pampu ya umeme, chujio lake, na mabomba ya petroli yanayostahimili msukumo huo. Bomba laini la zamani likiachwa hapo laweza kuchomoka au kupasuka, na petroli ikamwagika juu ya ekzosi yenye moto. Hapa ndipo ubahili unapoweza kuteketeza gari pamoja na waliomo.

Jamaa wa pili ni kompyuta na fungu zima la waya. Yapasa vitoke katika gari lile lile lililotoa injini. Ifahamike kwamba si kila 5E-FE ni sawa na nyingine: za awali zina distribyuta, na za baadaye hutumia koili bila distribyuta. Kompyuta ya moja haiwezi kuiongoza nyingine. Muuzaji akishakata waya kwa kisu ili kuitoa injini upesi, kazi ya kuziunga tena itamchukua fundi wa umeme siku nyingi.

Jamaa wa tatu ni gia. Injini nyingi kutoka Japani huja zikiwa zimefungwa kwenye gia boksi ya otomatiki. Kama gari ni la gia za mkono, mwenyewe atahitaji flaiwili, disiki ya klachi, presha pleti na beringi yake, na kompyuta ya gari la gia za mkono ndiyo inayofaa. Tena mita ya mwendo ya EE90 huzungushwa na kebo. Gia boksi iliyotengenezwa kwa mita ya umeme haina mahali pa kebo hiyo, na dereva atabaki hajui anakwenda kasi gani.

Kwa sababu hizo, mtu mwenye hekima hununua nusu nzima ya mbele ya gari iliyokatwa, badala ya injini iliyo wazi. Bei yake hushtua mwanzoni, lakini ndani yake mna waya, kompyuta, rejeta, mikono, draivshafti na hata breki za mbele. Breki hizo zina maana kubwa. Anayeongeza nguvu za kukimbia hana budi kuongeza nguvu za kusimama.

KUIPIMA KABLA YA KULIPA

Injini iliyooshwa ikang'aa haithibitishi lolote. Fundi na apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Silinda iliyo chini ya kilo 10 kwa sentimita mraba imechoka, na tofauti baina ya silinda na silinda isizidi kilo 1. Kifuniko cha oili kifunguliwe: utando mzito mweusi waonyesha oili haikubadilishwa kwa wakati, na povu la rangi ya maziwa laweza kuwa dalili ya maji kuingia katika oili. Plagi zitolewe, plagi iliyolowa oili hutoa ushahidi dhidi ya ringi au sili za valvu.

Hata injini iliyofaulu isitiwe garini kabla ya kubadilishwa mkanda wa taimingi, pampu ya maji, themostati na sili za mbele na nyuma. Vitu hivyo ni vya bei ya wastani, na injini ikiwa juu ya meza hubadilishwa kwa urahisi. Ikishaingia garini, kuifikia sili ya nyuma ni kushusha gia boksi upya. Vipuri vyote viagizwe kwa namba ya injini iliyotiwa, wala si kwa jina la gari, maana sasa jina na moyo havilingani.

NAMBA NA KARATASI

Namba ya injini imechongwa kwenye bloku, tena imeandikwa katika kitabu cha gari. Mnunuzi aisome kwa macho yake mwenyewe na kuilinganisha na risiti pamoja na karatasi za forodha. Namba iliyosuguliwa kwa tupa ni sababu tosha ya kuondoka, hata bei iwe ndogo namna gani. Baada ya kazi, mabadiliko yaandikishwe kwenye ofisi ya usajili, na kampuni ya bima ijulishwe. Ni aibu kwa raia yeyote kukutwa na injini ya wizi. Kwa polisi anayesimamisha magari ya wengine, ni kupoteza kazi na heshima ya nyumba yake.

DAFTARI LA NYUMBANI

Uamuzi huu usifanywe na baba na fundi peke yao chini ya mwembe. Mama wa nyumba, ambaye ndiye ajuaye karo inalipwa lini na unga unakwisha lini, akae nao na daftari. Ukurasa mmoja uandikwe bei ya injini. Wa pili, jamaa zake wote, kila kimoja na bei yake iliyoulizwa kwa wauzaji wasiopungua wawili. Wa tatu, ujira wa fundi wa injini na wa fundi wa umeme, pamoja na ada za usajili. Wa nne, akiba ya mambo yasiyotazamiwa. Kurasa zote nne zijumlishwe kwanza. Ikiwa jumla hiyo yazidi gharama ya kuifungua 2E ya zamani na kuitia ringi na beringi mpya, basi jibu limekwisha patikana, na si haya kulikubali.

Wahenga walisema rahisi ghali. Gari la familia hutakiwa kuwaka usiku wa manane mtoto anapougua, na kusimama mbele ya ng'ombe anapovuka barabara ghafla. Kila kipuri na kichaguliwe kwa kipimo hicho.