Kabla Erojeli Haijaingia Moyoni

Koo linalouma utotoni na kuachwa bila dawa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo homa hiyo ikaharibu milango ya moyo. Mkazi wa Marangu au Rombo aliyefikia hapo huenda akapelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akawekewe mlango bandia. Ule wa kaboni ngumu hudumu, ila damu huuona mgeni na huelekea kuganda juu yake. Basi mgonjwa humeza warfarini maisha yake yote, hushuka Moshi kupimwa damu, na hata mnafu hula kwa kiasi kilekile, maana vitamini K ya mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa. Kwa mjamzito, warfarini hiyohiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Milango ya tishu za ng'ombe au nguruwe huepusha mengi ya hayo, lakini kwa vijana hujaa chokaa na kukakamaa mapema.

Ndiyo maana naifuatilia erojeli, kama malighafi ya mlango wa aina nyingine. Samuel Kistler aliitangaza mwaka 1931: jeli iliyotolewa majimaji bila kiunzi chake kuporomoka, ikabaki karibu hewa tupu. Ya silika pekee huvunjika upesi. Ikivikwa poliyurea, aina ya plastiki, huwa imara na bado nyepesi. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walichapisha majibu ya kuikutanisha hiyo iliyovikwa na damu.

Walianza na chembe sahani, zinazoanzisha donge. Zikichokozwa hutokeza juu yake protini iitwayo P-selektini, ambayo hupimika. Hazikuchokozeka. Tena uwezo wake wa kushikamana haukupungua, jambo ninalolipa uzito, kwani chembe zilizokufa nazo hukaa kimya. Protini C3a, dalili kwamba kinga ya mwili imeamka, haikupanda. Seli za ukuta wa mishipa zilikaa na erojeli siku 5 bila badiliko kubwa.

Majibu hayo ni mazuri, lakini ni ya maabara. Mlango wa moyo hufunguka mara 100,000 hivi kwa siku, na kasi ya damu inayopita nayo huchokoza chembe sahani. Erojeli inatakiwa ipimwe katika damu inayosukumwa, ikunjwe mamilioni ya mara, kisha ipandikizwe kwa kondoo wachanga, ambao kwao chokaa hujijenga upesi. Kipimo hicho cha chokaa ningekitanguliza, kwa sababu wagonjwa wetu wengi wa homa ya baridi yabisi ni vijana, na mlango uliothibitishwa kwa wazee wa miaka 75 bado haujathibitishwa kwao.